Chai Isiyoulizwa

Kabla sijaingia ngumbaro, darasa la watu wazima, Kiingereza changu chote kilitoka mimbarini. Kule Kalamba nilikuwa nikiwatafsiria wahubiri wageni kila Jumapili, kwa hivyo nilijua ghadhabu, Babeli, tauni na mavuno ya mwisho. Lakini ungeniomba kijiko kwa Kiingereza, ningekuombea tu.

Mwalimu wetu wa jioni pale Kwa Vonza, mama mpole mwenye sauti ya kuangusha ukuta, alinitibu. Tulitaja blanketi, foronya, ndoo na soketi mpaka nikaota kwa Kiingereza, na mbu wa chumbani wakaanza kunijibu. Nilikuwa na sababu. Mchana nilifyatua matofali, na mke wangu na watoto walikuwa wamebaki Kalamba. Nyumba moja ya wageni karibu na soko ilitafuta mtu wa mapokezi, na kazi hiyo ilikuja na vyumba viwili vya kuishi. Mwenye nyumba, mama Mkamba mwenzangu, alinipa wiki moja ya kujaribiwa.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa Mwingereza aliyekuja kupima udongo. Nilimfanyia alivyonifundisha mama yangu: kabla hajaweka begi chini, kikombe kilikuwa mbele yake, maziwa mengi, sukari ya kusimamisha kijiko. Akatabasamu, akashukuru, akakiacha. Jioni vivyo hivyo. Asubuhi pia. Mwenye nyumba akaviona vikombe vimejaa, utando juu.

"Huyu akihama, na wewe unamfuata," akaniambia.

Nikamkimbilia mwalimu.

"Umemuuliza anataka nini?"

"Mwalimu! Mgeni anaulizwa? Si ni kumwambia aende kwao?"

"Kwetu, ndiyo. Kwao, usipomuuliza ni kama umemfunga mdomo. Muulize chai ama kahawa, maziwa ama bila. Na akikataa, baba, amekataa. Usimsihi."

Hilo la kutosihi liliniuma zaidi. Kwetu mgeni hukataa kwa adabu, nawe unamsihi kwa adabu, mpaka mnashiba wote wawili. Hata hivyo nilifanya mazoezi njiani. Hakuna mbuzi katika Kitui nzima ambaye sikumuuliza kama anataka sukari.

Kesho yake mwenye nyumba akaketi meza moja na mgeni, makusudi. Nikasimama wima, nikamuuliza mgeni yote kwa Kiingereza cha jikoni, si cha mimbari. Akataka chai nyeusi, bila sukari. Moyoni nikamhurumia, lakini nikaileta. Akaimaliza. Akaomba nyingine!

Kwa furaha nikamgeukia mwenye nyumba, Kiingereza kikiwa bado moto mdomoni: je, naye angependa chai?

Akaweka simu mezani.

"Ati unaniuliza?" akasema kwa Kiswahili. "Kwani nimepotea njia, unataka kunionyesha mlango?"

Nikaruka jikoni. Nikarudi na chai ya maziwa, sukari kama ya harusi, mdomo nimeufunga. Wakanywa polepole, kila mmoja akiitazama ya mwenzake kama dawa ya minyoo. Kikombe cha mwenye nyumba kilipofika nusu nikakijaza, kimya. Cha mgeni sikukigusa mpaka nilipomuuliza.

Mama mwenye nyumba akanitazama juu ya kikombe.

"Sasa umejua," akasema. "Mwambie mama watoto afunge godoro."