Kutafsiri Sindano Rumonge

Niliondoka Kigoma kwa sababu najua Kiswahili. Ninyi mliobaki nyumbani mtacheka, maana kwetu kujua Kiswahili ni kama kujua kupumua, na sijasikia mtu aliyetumiwa gari kwa kuwa anapumua vizuri. Lakini kulikuwa na watafiti waliokuwa wakijaribu chanjo mpya ya homa za virusi za kutoka damu, zile za ukoo wa Ebola, na walitaka watu wazima wenye afya huko Rumonge, Burundi, wajitolee kudungwa. Mtu fulani ofisini kwao akagundua kwamba wachuuzi na wavuvi wa pwani ile wanaongea Kiswahili, na kwamba daktari wa utafiti, mgeni kutoka Guinea, anajua Kifaransa tu. Akaagiza mwalimu wa Kiswahili fasaha anayejua na Kifaransa. Nikapelekwa mimi, kama gunia la dagaa linalorudishwa ziwani.

Asubuhi tulipotoka Kigoma nililikagua gari. Lilikuwa na nembo nyingi ubavuni kuliko viti ndani. Nilipewa pia fulana yenye maneno yanayosema jamii ndiyo mmiliki wa utafiti. Jamii yenyewe ilikuwa bado haijaambiwa.

Mpakani, baada ya Manyovu, kijana mwenye sare alinielekezea kipimajoto usoni, akakisoma, akakipiga-piga kiganjani, akakisoma tena. Nilichungulia. Kwa mujibu wa kile chombo nilikuwa na joto la maiti wa jana. Aliniambia "amahoro", yaani amani, nikapita. Nchi ilikuwa salama.

Kutoka Mabanda barabara inashuka kwa kona nyingi hadi Nyanza-Lac, na hapo ziwa linajitokeza mkono wa kushoto, lile lile nililoliacha nyumbani. Mbele kidogo ni Kigwena, na msitu wake mdogo wa asili unaolindwa, umezungukwa na michikichi kila upande. Harufu ya mawese yanayochemshwa iliingia garini, ikabaki nasi mpaka Rumonge.

Rumonge nilipangiwa kukaa kwa Mama Zena, mchuuzi wa samaki katika mtaa wa Waislamu, mama mnene, mwenye sauti ya kuita wateja. Mumewe, Ramazani, alikuwa akivuka ziwa kupeleka sabuni na vitenge Kongo. Mama Zena alinipokea begi.

"Karibu, mwarimu. Walituambia wanatuletea mutu wa Kiswahili."

"Ndiye mimi, mama."

"Murakoze, asante. Na siye tulikuwa tunasema nini hapa siku zote?"

Nikanywa chai.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Magara, ufukweni, asubuhi mitumbwi ya usiku inaposhusha ndagala, ndio dagaa wa kwetu. Ofisi ilichagua saa hiyo kwa kuwa watu wangekuwepo. Walikuwepo kweli, wote wakiwa na shughuli. Docteur Issa, daktari wetu, mwembamba, mpole, aliyewahi kuwatibu wagonjwa wa homa hiyo kwao, alieleza kwa Kifaransa safi kwamba nusu ya wajitoleaji watapata chanjo na nusu watapata kitu kisicho dawa, ili walinganishwe. Hakuna atakayejua kapata nini. Nami nikakohoa, nikatoa Kiswahili changu fasaha:

"Ndugu wananchi, nusu yenu mtapewa dawa bandia."

Wanaume wawili waliokuwa wameketi kwenye ukingo wa mtumbwi wakainuka na kuondoka. Mama Zena, aliyekuja na mabeseni yake kununua ndagala, alipaza sauti.

"Bandia? Ya wezi? Ile ya soko?"

"Hapana, mama. Ni maji ya chumvi tu. Masafi."

"Kwa hiyo mumetoka kote kule kutuletea siye watu wa ziwa maji?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikauokoa mkutano ambao ufasaha wangu ulikuwa umeshauzamisha. Mama Zena akaweka beseni chini, akaanza kunihoji kama hakimu. Iko hatari? Inaweza kukupa ugonjwa wenyewe? Mutu anaweza kutoka katikati? Nilitafsiri, daktari akajibu, na kila jibu Mama Zena alilirudia kwa Kiswahili chake, nalo ndilo lililoeleweka. Tangu siku hiyo mkalimani wa mradi alikuwa yeye. Posho nilipokea mimi.

Wiki iliyofuata wajitoleaji walidungwa, Mama Zena na Ramazani kati yao. Mama Zena hakuhisi kitu. Ramazani alivimba mkono, akapata homa ya siku moja, akafurahi kupita kiasi. Alitembea mtaani mkono wa shati umekunjwa, akiwaonyesha watu uvimbe.

"Maji ya chumvi hayafanyi hivi," alisema. "Miye nilipata yenyewe. Huyu bibi yangu walimupa maji."

Nilimweleza kwamba hata sindano ya maji huweza kuvimbisha. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama aliyekosa chanjo.

Kisha ikaja simu kutoka ng'ambo. Nilikuwa uani nikimsaidia Mama Zena kuanika ndagala. Ramazani alitoka ndani na mkoba begani. Sadiki, mshirika wake wa biashara ya miaka mingi, alikuwa anaumwa vibaya upande wa Kongo. Homa, na damu inamtoka puani. Ndugu zake wanaogopa kumshika. Alikuwa akimwita Ramazani.

"Ninaenda," alisema. "Nitamuosha, nitamulisha. Miye niko na vaksini."

Mama Zena hakubishana. Alinituma nikimbie kumleta daktari, nami nikakimbia, na fulana yangu ya jamii mwilini.

Docteur Issa alifika anahema. Ramazani alimuuliza swali moja tu: je, nilipata dawa au maji?

Daktari akasema hajui. Nikatafsiri.

"Haujui? Ni weye ulinidunga!"

Hajui, nikatafsiri tena. Majina yamefichwa kwenye kompyuta mbali, kusudi asijue. Ramazani alicheka kwa hasira. Miaka yote ile ya shule, akasema, na mutu hajui ameingiza nini katika mkono wa mwenzake.

Ndipo daktari akasema kwa upole sentensi ambayo ningelipa nisiitafsiri. Alisema hata kama ulipata chanjo yenyewe, bado hatujui kama inazuia kitu. Ndiyo maana tuko hapa. Akaongeza kwamba kwao alizika wauguzi aliofanya nao kazi, nao walikuwa watu wa moyo kama wewe.

Niliisema yote. Mara hii sikutumia ufasaha wowote.

Ramazani alisimama pale, mkoba begani. Mama Zena akaingia ndani, akatoka na mtandio wake na ndala za safari.

"Twende, baba," alisema. "Na miye nilidungwa. Kama vaksini iko inalinda, mmoja wetu atarudi. Tuende wote, basi. Tumuachie nani Zena na wadogo zake? Mwarimu huyu? Hata bandia hajui kusema."

Ramazani aliteremsha mkoba. Alikaa chini kwenye mkeka wa ndagala, juu ya samaki, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Hakwenda. Alimpigia Sadiki, simu ikawekwa sikioni mwa mgonjwa, na Ramazani akaongea peke yake alasiri nzima, habari za bei ya sabuni na mtumbwi waliowahi kuuzamisha pamoja, mpaka salio likaisha. Aliweka jingine, akaendelea. Sadiki alikufa siku chache baadaye. Ijumaa aliswaliwa swala ya maiti aliye mbali, msikitini Rumonge, na nilimwona Ramazani akitoka wa mwisho, viatu vyake mkononi.

Halafu majibu ya maabara yakaja kutoka ng'ambo. Haikuwa homa ile. Ilikuwa malaria kali, iliyochelewa kutibiwa.

Daktari alikuja mwenyewe kutoa habari, jambo ambalo utaratibu wa mradi haukumtaka kulifanya. Ramazani alisikiliza, akauliza:

"Kwa hiyo ningeweza kwenda?"

Nikatafsiri. Docteur Issa angeweza kusema mengi, tena ya kweli: kwamba hakuna aliyejua, kwamba mara nyingine ingekuwa homa yenyewe. Alisema, "Oui."

"Ndiyo," nikatafsiri.

Lilikuwa neno fupi kuliko yote niliyolipwa kuyasema Rumonge.

Siku ya kurudi Kigoma gari lilinipitia asubuhi kliniki, ambako wajitoleaji walikuwa wamekuja kudungwa mara ya pili. Ofisi ilinipongeza kwa simu: ushiriki wa jamii, walisema, umekuwa wa kuridhisha. Nikawashukuru kwa niaba ya jamii. Njia nzima, Kigwena, Nyanza-Lac, Mabanda, nilijaribu kufikiria nimejifunza nini, maana najua mtaniuliza. Mtaniuliza pia kama chanjo inafanya kazi, na nitawajibu kwamba hawajui bado, nanyi mtasema safari yote ile kwa jibu hilo. Nilichojifunza ni kwamba hilo ndilo jibu gumu kuliko yote kumpa mtu anayempenda mgonjwa, na kwamba kuna watu wakishapewa, hulipokea.

Asubuhi ile, kabla sijaondoka, sikutarajia kumkuta Ramazani pale kliniki. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mzigo wa sabuni na sukari miguuni, wa kumpelekea mjane wa Sadiki. Mtumbwi ulikuwa unamsubiri. Muuguzi alipomwita, aliingia, akakunja shati.

"Sasa munajua?" alimuuliza daktari.

Nikatafsiri. Daktari akatikisa kichwa.

"Basi dunga," alisema Ramazani, "lakini haraka, niko na safari."