Wifi Akiwa Kompyuta

Mama mtoto ana wifi anayesomea ukutubi. Tovuti ya maktaba huichora kwanza kwenye makaratasi, akayatandaza kitandani ili mama mtoto atafute kitabu kwa kubonyeza kwa kidole. Kompyuta ni wifi mwenyewe: kazi yake kubadilisha karatasi tu, kusema marufuku. Yeye, anayeongea hata usingizini! Mama mtoto akikwama, wifi hufurahi kugundua kasoro ya mchoro, hufuta, huchora upya. Lakini kesho mwalimu anaitaka kazi, na bado hakuna aliyefika kwenye kitabu bila kusaidiwa.

"Nibonyeze hapa?"

Wifi kajaza mtandio mdomoni, mabega yanamcheza.

"We kompyuta, umezimika?"

Mama mtoto akashusha kidole kwenye "Hadithi za watoto." Karatasi ikabadilishwa: kitabu hicho hapo! Kompyuta ikatema mtandio, ikamrukia shingoni, ikapiga vigelegele mpaka majirani wakauliza anaolewa nani.