Mayai Arobaini ya Kuchi wa Bi Barke

Dancun Oduor, fundi mitambo wa Chaani, alikuwa na ugonjwa mmoja: tarakimu ikishatokea kwenye kioo cha mtambo wake, hasikii la mtu. Ugonjwa huo nusura umpotezee Bi Barke wa Utange uzao wa jogoo wake.

Jogoo mwenyewe, kuchi wa kujivunia, wale kuku warefu wa kupigana, aligongwa na gari akaacha mayai arobaini yenye mbegu yake. Hakuna koo wa kuatamia mayai yote hayo, na kiangulio cha Bi Barke, sanduku la umeme la kutotoa vifaranga, kilishamwangusha mara mbili. Kilijua mawili tu, kuwaka na kuzima. Kikiwaka huunguza, kikizima hupoza. Dancun akaahidi kukitengenezea ubongo unaojua kadiri. Alishinda kutwa na Bi Barke, naye akiweka yai kwenye kope la jicho na kumwambia: hili vuguvugu, hili limezidi kidogo, hili laungua. Maneno hayo Dancun akayageuza kuwa kanuni za mtambo. Na unyevu vivyo hivyo: hewa ikiwa kavu, maji yadondoke. Ikiwa kavu kidogo, yadondoke kidogo. Akaujaribu siku tatu kwa mabakuli ya maji mahali pa mayai, na joto likatulia kama maji ya mtungi. Ndipo mayai yakaingia.

Siku ya kumi alipopiga hodi mlangoni, alimkuta Bi Barke ameshika kurunzi, akiyamulika mayai moja moja. Kile kipengo cha hewa kwenye upande butu, ambacho hukua kadiri yai linavyopoteza maji, kilikuwa hakijakua hata kidogo. Dancun akamwonyesha kioo: kila kitu sawasawa.

"Mwanangu, maji yamewazidi vifaranga," akasema Bi Barke. "Watakufa nayo humo ndani, wala hawatatoboa."

Dancun alitaka kubisha, lakini akazipitia kanuni zake upya, akaliona kosa. Joto alilipima hapa hapa, lakini mpaka wa ukavu alikuwa ameubeba mzima mzima kutoka kiangulio alichokitengeneza Eldoret, kule juu ambako yai hupoteza maji upesi na hutaka unyevu mwingi. Hakuupima upya hapa Utange, pwani. Kioo hakikudanganya, kilikariri kile kilichofundishwa. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha.

Akaushusha mpaka ule saa ile ile, maji yadondoke kwa uchache, na tangu hapo akawa anakuja kila alasiri, kurunzi mkononi. Kipengo kikaanza kukua, polepole mno kwa moyo wake.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja Bi Barke alimpa yai, akamwambia aliweke sikioni. Dancun akasikiliza. Ndani mtu anagonga. Akakaa chini sakafuni kwa furaha, yai bado liko sikioni. Hadi jioni walitoka vifaranga thelathini na watatu, shingo ndefu kama za baba yao.

"Na hicho kioo chako chasemaje?" Bi Barke akamuuliza.

"Sijakitazama, mama."