Siku Wazungu Walipopigwa Ridandansi

Juzi nilipita Sekei kumwona mama, nikakuta pale palipokuwa banda la video la jirani yetu pamejengwa saluni ya kike, vioo vitupu. Nikasimama kama mjinga. Binti mmoja akatoka na kitana mkononi: "Shikamoo mama, karibu tukusuke." Nikamwitikia, nikaondoka zangu nacheka peke yangu, maana mimi pale sikuona saluni. Nilimwona baba yangu amesimama mbele ya televisheni, jasho linamtoka, anatafsiri Kiingereza asichokijua.

Wewe rafiki yangu unajua ninavyozipenda zile filamu za kuchekesha za Uingereza, za wanaume waliofungiwa kiwanda au mgodi wakabaki nyumbani kugombana na wake zao. Watu hunishangaa. Bastola hakuna, magari hayalipuki, ni mvua tu na chai. Lakini wanaozitunga wanajua jambo moja: mwanaume asiye na kazi hachekwi kwa mbali, unakaa naye karibu mkacheka wote. Kwa hilo Waingereza nawavulia kofia, na nilianza kuwavulia nikiwa bado nasoma shule ya msingi.

Baba alikuwa fundi mitambo kiwandani. Jioni alirudi akinuka grisi, nasi tulimkimbilia hivyo hivyo. Kiwanda kilipofungwa na wafanyakazi kuachishwa, likaja neno ridandansi, na sisi watoto tulidhani ni ugonjwa, maana kila baba aliyeupata alikonda.

Kilichomuumiza zaidi baba ni salamu. Huku kwetu mtu akikukuta njiani anakwambia pole na kazi, hata kama umejiendea kutembea tu. Baba ilimchoma. Akaiacha barabara, akawa anapita migombani, mwisho akaacha kutoka kabisa. Sasa ng'ombe wetu wa ndani alitaka majani, na majani mazuri yalikuwa kando ya barabara. Mama akawa anayakata mwenyewe alfajiri, anayabeba kichwani na mgongo wake ule mbovu, anarudi kutupikia loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, kisha anaondoka na ndizi kwenda sokoni. Baba alimsikia akigumia chini ya mzigo, akaongeza sauti ya redio.

Ikafika mahali wakaacha kusemeshana. "Mwambie baba yako chai ipo." "Mwambie mama yako nimesikia." Na wamekaa meza moja, jamani! Wiki moja nikamwona mama anakunja nguo zetu, anazipanga kwenye begi. Akaniambia Jumapili tunahamia kwa bibi, Kikwe. Nikauliza, na baba? Akavuta zipu ya begi. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Jirani alikuwa na televisheni, deki na mdomo. Kazi yake ilikuwa kuonyesha filamu na kuzitafsiri kwa sauti, na za karate alizimudu vizuri sana. Basi kuna mzungu aliyekuwa akifanya kazi Momela, alipoondoka akamwachia boksi la kanda. Jirani akajaribu moja, akashindwa kabisa. Jumamosi hiyo akaja kwetu: "Kaka, wewe umefanya kazi na wazungu. Njoo unisaidie, hawa wanaongea kama wana kiazi cha moto mdomoni." Baba akakataa, jirani akambembeleza, mwisho baba akapita migombani, mimi nyuma yake. Mama tayari alikuwa mlangoni pa banda na karanga zake za kuuza, kama Jumamosi zote. Hawakutazamana.

Filamu ikaanza. Wazungu wamepanga foleni kwenye mvua, makoti yamechakaa. Mmoja amekaa nyumbani na soksi iliyotoboka, mkewe anamfokea. Banda zima likashangaa. Sisi tuliwajua wazungu wa kupanda mlima na kupiga picha, huyu wa kufokewa ametoka wapi? Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mstari wa mbele, hakuambulia kitu. Mara yule mwenye soksi akatamka neno moja, likasikika wazi kabisa. Ridandansi!

Weee! Wanaume waliruka. "Hata wao! Hata wao!" Wengine walikuwa wa kiwanda kile kile cha baba, wakawa wanapigana mabega na kucheka huku machozi yanawatoka. Jirani akamsukuma baba mbele, na baba akaanza kutafsiri.

Ikafika pale mke wa yule mzungu amempa mgongo, naye ameshika kikombe, ananong'ona. Baba akaiacha televisheni, akageukia mlangoni. Kisha akasema: "Anasema, mama watoto, si kwamba sitaki kukata majani. Naona aibu. Barabarani wananiambia pole na kazi, na mimi kazi sina. Usiondoke."

Halafu mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Majani gani tena? Ya chai?"

Kicheko kilicholipuka hapo sijakisikia tena. Baba mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta, na mama mlangoni kaziba uso na kanga, mabega yanamtikisika. Jumatatu asubuhi baba alipita barabarani na mzigo wa majani kichwani, anasalimia kila mtu. Begi lilirudi juu ya kabati.

Baba hatunaye sasa, na wanaume wa banda lile wengi wametangulia. Siku hizi kila mtu anacheka peke yake na simu yake, na filamu zinakuja na maandishi chini, huna haja ya jirani. Jana nimeitafuta ile ya mwenye soksi, nikaipata. Nikangoja kwa hamu pale penye kikombe, nisome alichosema. Maskini, alikuwa anauliza kama sukari imebaki.

Nikampelekea mama, nikamsomea. Akavaa miwani, akaitazama simu kwa muda, akanirudishia.

"Hao walioandika hapo chini hawajui Kiingereza," akasema. "Baba yako ndiye aliyemsikia."