Divai Kavu na Mchuzi wa Mbuzi

Mwaka 2013 nilikuwa msimamizi wa nyumba ndogo ya wageni, Kakuma mjini. Mwenye nyumba, mama Mturkana aliyeishi Lodwar, alikuja siku moja kuamua jambo hili: kama mpishi wetu wa majaribio, mama Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi, angebaki au angerudi kwake. Alisema ataamua baada ya chakula cha jioni.

Tulikuwa na mgeni mmoja, Mfaransa fundi wa visima, aliyekuwa amemaliza kazi yake. Alinikabidhi chupa ya divai nyeupe ya kwao, iitwayo Muscadet, akaomba tumpikie chakula kinachoifaa, kisha sote tule naye. Akaongeza neno moja: ni "sec".

"Ni kavu," mpishi akatafsiri.

Mwenye nyumba akaichukua chupa, akaitikisa karibu na sikio. "Kavu? Na hii inacheza ndani ni nini?"

"Haisemi maji, Mama. Inasema sukari haiko. Njo maana yake."

"Kavu ni kavu. Ugali kavu unaikula bila supu? Chinja mbuzi, na mchuzi iwe mingi."

Nilikuwa nimesoma habari za divai katika kitabu cha mapishi kilichoachwa na mgeni wa zamani. Divai ya aina hii hutoka sehemu iliyo karibu na bahari. Ni nyepesi, chachu, yenye ladha ya chumvi kwa mbali, na mezani hufanya kazi ya limau. Huenda vizuri na samaki wabichi, chaza, kamba, hata jibini ya maziwa ya mbuzi. Mchuzi mzito wa nyama huifunika. Nilimweleza mwenye nyumba hayo yote kwa utaratibu, nikamkumbusha kwamba asubuhi hiyo tilapia wa ziwani walikuwa wameletwa kutoka Lodwar ndani ya barafu.

"Samaki!" alisema. "Mgeni wangu nimpe samaki, kama mtu mbuzi zake zimeisha? Wewe unataka Lodwar yote inicheke?"

Hakuwa akitania. Kwa wafugaji wengi wa huku, samaki ni chakula cha aliyepoteza mifugo.

Mpishi hakubishana. "Mbuzi tutapika, Mama. Samaki watajificha jikoni." Akaitumbukiza chupa katika barafu ya samaki, maana friji yetu ilikuwa ikipoza siku ilizojisikia.

Jioni mbuzi alitangulia. Mgeni alikunywa mchuzi, akaonja divai, akausifu sana mchuzi. Glasi ya divai akaisogeza kando. Mwenye nyumba akaonja naye, uso ukamkunjamana.

"Hii ni siki! Mpishi, umeiharibu huko kwa barafu?"

Nilidhani kazi ya yule mama imeishia hapo. Yeye aliingia jikoni, akatoka na sahani ya tilapia waliokaangwa kwa chumvi tu, ngozi ikiwa bado inachirizika mafuta. Hakuweka nyanya wala limau.

"Kula kwanza, Mama. Halafu unywe."

Mwenye nyumba alitazama mlangoni, kisha dirishani. Akamega kipande, akatafuna, akanywa. Akamega kingine kikubwa zaidi.

"Kumbe ni limau," alisema. "Limau iliyoenda shule."

Nilipomtafsiria mgeni, alicheka hadi akakohoa, akamjazia glasi. Miiba ikazidi kurundikana kando ya sahani. Mwenye nyumba alimaliza samaki wake mpaka kichwa, akafuta vidole, akamgeukia mpishi.

"Kesho uamke mapema, wageni wa chai ni wengi. Na kesho kutwa pia. Sitaki kutafuta mtu mwingine."

"Asante, Mama."

"Na mtu wa Lodwar akiuliza, mimi nilikula mbuzi."

"Ulikula mbuzi, Mama," mpishi akajibu, akikusanya miiba. "Mbuzi wa ziwani."