Bamba la Namba Nisiyoijua

Kitanda changu kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, na kwa wiki tano sikutoka juu yake hata kwenda kujisaidia. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa kamba, kamba ikapita juu ya gurudumu dogo, na mwishoni mwake ukaning'inia mfuko wa mchanga wa kuvuta paja ili mfupa uliovunjika usipandane. Niliuvunja kijinga. Risasi zililia upande wa soko, watu tukakimbia, nikatumbukia mtaroni mbele ya duka la nguo. Dirisha lilikuwa nyuma ya kichwa changu, kwa hiyo sikuona kitu ila dari, mguu wangu, na mama mmoja wa mtaa wa Carama, kitanda cha pili.

Yeye alianguka kutoka kwenye lori siku waliyokimbia mtaa wao. Paja lake nalo lilikuwa limevunjika, na mfuko wake wa mchanga ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Watoto wake watatu walibaki kwa jirani, barabara ikafungwa, na tangu hapo hakusikia lolote. Mimi nilikuwa mtu wa kulalamika, yeye alikuwa mtu wa kunyamaza, na hilo nalo lilinikera.

Dawa yetu ilikuwepo, ila ilikwama. Daktari alikuwa na mabamba mawili ya chuma ya kufungia mfupa, yaliyotoka Ujerumani, lakini skrubu zake hazikufika. Skrubu alizokuwa nazo zilitoka Ufaransa. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, ndege zilikuwa za kubahatisha, na bandarini meli zilikuja zikitaka. Alipojua kuwa kazi yangu ni kutunza stoo ya vyuma, aliniletea maboksi yote mawili kitandani.

"Madamu, hii ni chuma moja ao ni mbili?" akaniuliza. "Kama ni mbalimbali, zitakulana ndani ya mutu. Siwezi kuweka."

Swali la namna hiyo ndilo lililokuwa likinipa mshahara. Chuma kisichoshika kutu, sisi tunaita inoksi, kila nchi imekibatiza jina lake, na stooni kwetu kilikuja kutoka kokote kulikowezekana. Mmarekani huandika 316L, namba kavu, na hiyo L inakuambia kaboni ni kidogo, maana ikizidi, kutu hupata njia. Mjapani huchukua namba ya Mmarekani na kuitangulizia SUS. Mfaransa ndiye muungwana, anakuandikia mapishi yote: Z2CND17-13, yaani kaboni kiasi cha kunusa, kromi kumi na saba kwa mia, nikeli kumi na tatu, na hiyo D ni molibdeni, inayozuia chumvi isitafune chuma. Mjerumani anakupa namba yenye nukta, basi, ujue mwenyewe. Bosi alitundika jedwali la majina hayo nyuma ya mlango, nami nililikariri kama mtoto wa madrasa, huku nikilitukana kila asubuhi.

Skrubu zilikuwa za Mfaransa, nikazisoma mara moja. Bamba lilisema 1.4441. Sehemu ya mbele niliijua: 1.43 haina molibdeni, 1.44 inayo. Lakini zile tarakimu mbili za mwisho hazisemi kitu, ni za foleni tu, na jedwali letu lilikuwa na 01 na 04. Hiyo 41 sikuwahi kuiona. Kaboni yake ingeweza kuwa yoyote.

Niliutazama mfuko wa mchanga. Daktari alikuwa ameshasema kwamba bila bamba ni miezi mitatu mingine, na mguu huenda ukawa mfupi.

"Ni moja, dokteri," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Yangu ilikuwa na urefu wa kitanda. Alinipasua, akanifunga bamba, na baada ya siku kumi nilikuwa nimesimama kwa magongo, nimekwenda dirishani, nimeona mwembe na ukuta na askari anakula ndizi, na nikalia kwa furaha kama mjinga.

Kisha daktari akaja na bamba la pili. Hakuja kwangu, alisimama kwa mama wa Carama. "Madamu wa inoksi, tunaendelea, si ndiyo?" akaniuliza.

Mdomo wangu ukakataa. Kwa mguu wangu niliweza kucheza kamari. Ule haukuwa wangu. "Dokteri, ile namba ya mwisho siijui," nikasema. "Nilisema uongo. Nilichoka kulala."

Daktari hakukasirika, na heri angekasirika. Alifunga boksi taratibu. Mama wa Carama ndiye aliyesema, akiwa anatazama dari.

"Alisema uongo, na anatembea."

"Mama, ikiwa ni mbalimbali, vitakulana ndani ya mguu," nikamwambia.

"Na mi hapa nakulwa na nini?" Akanigeukia, mara ya kwanza tangu tulazwe. "Sema vile ulisema ile siku."

Niliyashika magongo yangu. Nilitamani niwe nimerudi chini ya mfuko wa mchanga.

"Ni moja," nikasema.

Sijui daktari alimsikiliza nani kati yetu. Alimfanyia mama upasuaji siku mbili baadaye. Barabara ilipofunguliwa, mama huyo aliondoka kwa magongo kutafuta watoto wake, nami nikarudi stooni. Kwa miaka, kila mvua iliponyesha na paja likauma, nilijiambia vyuma vimeanza kulana, vyangu na vyake, na mwenye kosa ni mimi. Niliogopa hata kukutana naye.

Vita vilipotulia, mfanyabiashara mmoja alituletea jedwali kamili, kitabu kinene. Nilikiweka mezani siku tatu bila kukifungua. Siku ya nne niliitafuta ile namba. Ilikuwepo: 1.4441, molibdeni, kaboni ya kunusa tu, ndugu kabisa wa ile ya Mfaransa, na pembeni wameandika kwamba hutengenezwa kwa ajili ya kuwekwa ndani ya watu.

Nilipanda hadi Carama siku hiyohiyo. Nilimkuta shambani anachuma lengalenga, mchicha wa kwetu, anachechemea kidogo, binti yake mkubwa anafunga mafungu. Nilimweleza yote nikihema, namba kwa namba, na kwamba miaka yote ile nilikuwa sahihi bila kujua.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa fungu la lengalenga.

"Mutoto yangu," akasema, "mi sikukuuliza namba. Nilikuuliza kama nitatoka pale."