Tembo, Uzio na Rilei ya Bodaboda

Tembo alipita kwenye uzio wa umeme kama anapita mlangoni kwake.

Hakushtuka. Hata masikio hakutikisa.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, hapa kijijini Machochwe, nimesimama na mwanangu Efrazia mgongoni. Tembo akala mistari sita ya mahindi yangu, akajisaidia, akaondoka.

Kesho yake akaja Nestory, fundi wa mradi uliotuwekea uzio. Akafungua kisanduku cha umeme.

"Chipu imeungua, mama."

"Si uweke nyingine?"

"Inatoka Asia. Miezi minne. Hapo ni wakituma leo."

Mahindi yalibakiza wiki tano kuvunwa. Yakiisha yale, Efrazia wangu hana uji mwaka huu.

Mimi nasoma ufundi umeme, darasa la jioni. Nikamuuliza, "Hiyo chipu kazi yake nini hasa?"

"Kuwasha na kuzima. Basi."

"Basi?"

"Basi."

Jamani, si hata indiketa ya bodaboda inafanya hivyo!

Nikamfuata shemeji yangu Mniko, dereva boda.

"Shemeji, nipe rilei ya indiketa, kile kidude kinachoiwasha na kuizima."

"Nitakataje kona?"

"Toa mkono."

Mama mkwe alikuja kunitazama nikiiunganisha kwenye kisanduku cha uzio. "Kwa hiyo tembo ataonyeshwa kona ya kwao?"

"Ndiyo, mama."

Mniko akagusa waya kujaribu. Akatukana kwa Kikurya, maneno ambayo mama mkwe alijifanya hayajui.

Uzio ulikuwa mzima.

Alhamisi tembo akarudi. Akanyoosha mkonga, akagusa. Akasimama kidogo, kama mtu aliyejibiwa vibaya na mtoto. Akageuka.

Kijiji kizima kikaja kuangalia kisanduku. Mwenyekiti akahutubia: "Kuanzia leo tunajitegemea!" Nikavimba kichwa, siwafichi.

Nikabeba rilei nyingine kama ile mpaka darasani, niwaonyeshe. Mwalimu Editha akaipasua kwa msumeno wa chuma.

Ndani kulikuwa na chipu.

Ndogo kama punje ya ulezi. Mwalimu akaisoma kwa lenzi, akasema, "Na hii imetoka huko huko Asia."

Kwa aibu nikatoka. Siku mbili sikwenda.

Mahindi tulivuna. Efrazia anakunywa uji, na kidogo anamtemea bibi yake.

Sasa darasani tunatengeneza rilei isiyo na chipu, kwa vibati viwili vinavyopinda vikipata moto. Ya kwanza iliungua. Ya pili pia. Ya tatu imewaka na kuzima mara arobaini kabla ya kugoma.

Ndugu yangu, kabla hujasema unajitegemea, pasua uone ndani kuna nini. Ukikuta cha watu, usione aibu kama mimi. Vuta kiti, anza kujifunza.